Nani Mtu wa Barabara?

Pana jina jipya linalozunguka vinywani mwa baadhi ya vijana wetu, nalo lafaa kujadiliwa kabla halijaota mizizi. Kijana akiulizwa anafanya nini juu ya magurudumu yale mawili, hajibu tena kwamba anaendesha baiskeli. Hujibu kwamba yeye ni "mwendeshaji wa barabara", na hulitamka jina hilo kwa namna ya kujitenga na yule aliyepishana naye sasa hivi, mwenye matenga mawili ya samaki juu ya keria. Huyo wa matenga, kwa hesabu ya mwenzetu, si mwendeshaji. Ni mtu mwenye baiskeli tu, kama vile mtu alivyo na jembe au ndoo.

Makala haya yanakusudia kulipinga dai hilo. Siupingi mchezo wa mbio za baiskeli, maana ni mchezo wa mashujaa na ninaupenda. Simpingi anayevaa nguo za kubana na viatu vinavyonasa kwenye pedeli. Kila kazi ina vazi lake. Ninachokipinga ni wizi wa jina. Barabara ni ya wengi, na jina la watu wake limeanza kufungiwa katika sanduku la wachache. Jina likishafungiwa, haki nayo hufuata.

Tuanze na lugha, maana ndiyo mali yetu ya pamoja hapa. Kiswahili kimetupa neno lenye milango miwili. Tukiikaza sauti kwenye silabi ya tatu, *barabára*, tumetaja njia kuu. Tukiikaza kwenye silabi ya pili, *barábara*, tumesema sawasawa, ipasavyo, bila ya kasoro. Wanaojiita watu wa barabara wamejitwalia maana zote mbili kwa pamoja: wao ndio wa njia kuu, na wao ndio walio sawasawa. Wengine wote, basi, wamebakishiwa ukingo wa lami na ukingo wa heshima.

Lakini lugha hiyohiyo inawakanusha. Tazama namna Kiswahili kinavyounda majina ya watendaji: mkulima, mvuvi, msusi, mwimbaji. Jina hutoka katika kitendo. Mvuvi ni mvuvi kwa kuvua, awe na jahazi, awe na ngalawa, awe na dema lake moja na miguu ya kukanyagia mchanga maji yakitoka. Hatujapata kusikia mvuvi wa mtumbwi akiambiwa si mvuvi kwa kuwa hana mashine. Vivyo hivyo, mwendesha baiskeli ni mtu aendeshaye baiskeli. Anayeianza safari alfajiri kutoka Mwera au Bububu na majani ya ng'ombe yaliyomzidi kimo, akaingia mjini kabla ya jua kupanda, huyo ameendesha. Barabara imemjua na yeye ameijua. Kila shimo lake ana habari nalo, kila mteremko amekwisha kuukadiria kwa uzito wa mzigo wake. Ikiwa huyo si mtu wa barabara, sijui jina hilo tumemwekea nani.

Wenzetu wana hoja zao, na ni haki tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya chombo na vazi. Husemwa kwamba mwendeshaji wa kweli hujulikana kwa fremu nyepesi, tairi nyembamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, soksi za kimo maalumu na miguu iliyonyolewa. Mambo haya hayakuzuka hewani. Umoja wa Kimataifa wa Baiskeli, UCI, ulioundwa Paris mwaka 1900, una kanuni zake: tangu mwaka 2000 baiskeli ya mashindano haitakiwi kuwa na uzito wa chini ya kilo 6.8, na hata urefu wa soksi umewekewa mpaka. Kanuni hizo zina maana yake ndani ya mashindano, kwani watu wakishindana lazima washindane kwa mizani moja. Ila kanuni ya mashindano si kanuni ya kumtambua mtu. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure, akiwa juu ya baiskeli inayoendeshwa kwa kulala chali, alipita kilomita 45 ndani ya saa moja, akaivunja rekodi iliyokuwapo. Mwaka uliofuata, 1934, Umoja huo ukaamua kwamba chombo kile hakikubaliwi katika mashindano yake. Ulikuwa na uwezo wa kumnyima rekodi. Uwezo wa kuifuta njia aliyokwisha kuipita haukuwa nao.

Tena, kanuni hizi zenyewe hugeuka kama upepo. Leo kijana mwenye gia ishirini na mbili humcheka mzee mwenye gia moja. Hajui kwamba Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliona kubadilisha gia njiani ni jambo la wazee na wanyonge, wala waliokuwa wakiwania ushindi katika mashindano yake hawakuruhusiwa mtambo huo hadi mwaka 1937. Kwa miaka zaidi ya thelathini, alama ya mwendeshaji wa kweli ilikuwa ni kutokuwa na kile ambacho leo kimefanywa alama yake. Jina likisimamishwa juu ya chombo, litaanguka kila chombo kitakapobadilika.

Na hao watu wa mwanzo wa Tour walikuwa nani? Mshindi wa kwanza, Maurice Garin, alikuwa amefanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi. Palikuwa pia na kundi lililoitwa kwa Kifaransa *touristes-routiers*, yaani wasafiri wa barabarani. Hawakuwa na timu wala mfadhili. Mwendeshaji wa kundi hilo alijitafutia chakula na mahali pa kulala, akajitengenezea mwenyewe kilichoharibika. Mmoja wao, Jules Deloffre, alikuwa akifika mwisho wa siku, akiwa amekwisha kupita mamia ya kilomita, huwaonesha watu sarakasi na kupitisha kofia apate fedha ya chakula na malazi. Hata neno lenyewe la Kifaransa, *routier*, huitwa bingwa wa baiskeli na huitwa dereva wa lori pia. Huko jina lilikozaliwa, basi, liliwachukua bingwa na mchumia tumbo pamoja. Sisi tumeliazima jina, tukawaacha nje nusu ya wenyewe.

Hoja ya pili ni ya mbio. Husemwa: "Yule wa matenga anatafuta riziki, mimi natafuta mwendo. Hatuwezi kuitwa jina moja." Hoja hii ina uzito kuliko ile ya soksi, lakini haisimami mbele ya historia ya bara letu wenyewe. Timu ya taifa ya Rwanda, iliyojengwa tangu mwaka 2007 chini ya Mmarekani Jonathan Boyer, ilikuwa na vijana waliopata misuli yao katika kazi ya kupakia abiria na magunia ya viazi. Abraham Ruhumuriza, aliyelitwaa taji la Mzunguko wa Rwanda mara kadhaa katika miaka ya 2000, alikuwa akijipatia riziki kwa kubeba watu kwa baiskeli. Je, alikuwa mwendeshaji siku za mashindano tu, kisha Jumatatu, abiria alipokaa nyuma yake, akageuka kuwa mtu mwenye baiskeli? Miguu ni ileile, na kilima ni kilekile. Tofauti ni mzigo, na mwenye mzigo ndiye aliyepanda kwa taabu zaidi.

Tazama na Kenya. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, aliianza safari yake akifundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, akiendesha pamoja na vijana wa kijijini. Tazama na Eritrea. Biniam Girmay wa Asmara alishinda Gent–Wevelgem mwaka 2022, na mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa hadi Nice fulana ya kijani ya bingwa wa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kuipata. Katika mji anaotoka, baiskeli ni ya mwanafunzi, ni ya mzee anayekwenda sokoni, na ni ya bingwa. Bingwa hutoka katika wingi wa waendeshaji, kama malenga anavyotoka katika kijiji kinachoimba. Kijiji kisichoimba hakizai malenga, na mji unaomdharau mwendesha baiskeli usitaraji bingwa.

Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267.5, juu na chini ya vilima, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Kwa wanawake taji likaenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada. Dunia iliambiwa kwamba njia ile ni miongoni mwa zilizo ngumu kupita zote. Ni kweli. Lakini vilima vya Rwanda vimepandwa miaka mingi na watu wenye mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa, bila ya gari la kuwafuata na maji wala mtu wa kuwapigia makofi.

Sasa niigeukie kambi ya pili, maana tukiwashambulia wa kwanza peke yao tutakuwa tumedhulumu. Wapo wanaosema kwamba mjadala huu hauna faida: baiskeli ni chombo cha asiye na uwezo, atapanda hadi apate pikipiki, na akipata pikipiki ataitamani gari. Kwao hao, kujitambulisha kwa baiskeli ni sawa na kujitambulisha kwa umaskini. Hawa ni hatari kuliko wale wa soksi. Wale wanalipunguza jina, hawa wanalizika.

Kisa cha neno bodaboda kinatosha kuwa funzo. Neno hilo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako watu wa baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kutoka boda hadi boda. Jina, kazi na njia vyote vilikuwa vya waendesha baiskeli. Leo ukilitamka neno hilo Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kinachokujia akilini ni injini na moshi. Baiskeli imenyang'anywa jina ililolizaa, kwa sababu tuliliona kuwa ni jina la kupita tu, la watu wanaongoja kuwa kitu kingine. Mtu asiyejiita, wengine humwita watakavyo.

Hapa wapenzi wa ushairi watanielewa kwa haraka. Tulibishana sana, hasa miaka ya 1970, juu ya nani mshairi na lipi shairi. Wengine walisema pasipo vina na mizani hapana shairi. Wengine wakasema vina na mizani ni vazi tu, na shairi ni kiwiliwili. Siufufui ugomvi huo leo. Nataka tukumbuke jambo ambalo pande zote mbili hazikulikana: kwamba hapana aliyepata kuwa mshairi kwa kununua kalamu ya dhahabu. Na hata waliokuwa wakali kabisa wa mizani hawakumfukuza katika ulimwengu wa ushairi mama anayebembeleza mtoto kwa tungo, wala baharia anayeimba akivuta kamba ya tanga. Walijua kwamba diwani zilizochapwa zinasimama juu ya mabega ya nyimbo ambazo hazikupata kuandikwa. Umalenga hujipi mwenyewe. Hupewa na wanaokusikia. Na jina la mtu wa barabara halitoki dukani pamoja na fremu. Hutoka kwa barabara na kwa wale mnaopishana juu yake.

Mtu ataniuliza: "Basi hutaki kuwe na tofauti? Bingwa aliyejinyima usingizi na chakula miaka kumi aitwe jina moja na kijana aliyetumwa mkate?" Nataka tofauti iwepo. Mwite wa kwanza bingwa, mwite mwanamichezo, mwite mkimbizaji baiskeli, lugha haijafilisika. Mpe nishani yake. Lakini usimpe barabara. Nahodha ana cheo chake, na wazee wetu wakatuonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Upepo wa kusi unapovuma usoni katika njia ya mashariki, hauulizi bei ya fremu. Unawainamisha wote wawili, na kila mmoja hukanyaga kwa pumzi aliyojaaliwa.

Tena yako majina yaliyonyimwa watu kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1924 mwanamke wa Kitaliano, Alfonsina Strada, aliingia katika Giro d'Italia pamoja na wanaume. Alipochelewa mno katika hatua moja ya dhoruba, aliondolewa katika hesabu ya washindani, lakini akaruhusiwa kuendelea, akaendelea hadi Milano huku wanaume wengi wenye jina wakiwa wamekwisha kuacha njiani. Katika orodha hakuwamo, na barabarani alikuwamo. Nani atasema hakuwa mtu wa barabara? Nawatazama wanawake wa Paje na Jambiani wanaokwenda shughuli zao kwa baiskeli, buibui likiwa limekusanywa vizuri lisinase kwenye mnyororo, na najua hakuna orodha yoyote ya waendeshaji iliyo na majina yao. Orodha ndiyo yenye kasoro.

Kwa nini niyapiganie haya yote kwa sababu ya jina? Kwa sababu jina linaua na jina linaokoa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Hawa ndio wasio na bati la kuwakinga. Dereva anayempigia honi mtu wa matenga mpaka ashuke kwenye mchanga hafanyi hivyo kwa kuwa hamwoni. Anamwona vizuri. Asilolikubali ni kwamba yule naye ni mwenye barabara. Kwake yeye ni kizuizi, kama ng'ombe aliyepotea. Na mhandisi anayechora barabara mpya isiyo na mahali pa baiskeli hakusahau kupima. Alipima magari, maana hayo ndiyo aliyofundishwa kuyaita watumiaji.

Sasa mwenzetu mwenye fremu ya kaboni anapotangaza kwamba yule wa matenga si mwendeshaji, anamsaidia nani? Anamsaidia dereva yule wa honi. Amempa hoja. Wala hoja hiyo haitamkinga mwenyewe: siku atakapokutana na lori katika kona nyembamba, lori halitazitazama soksi zake. Kwa jicho la mwenye injini, wote wawili ni wembamba, wote wawili ni wa polepole, wote wawili wamo njiani mwake. Waliogawanywa na bei ya chombo watakuwa wamoja katika hatari. Kwa nini wasiwe wamoja katika dai? Wale wa Dar es Salaam walioungana na kujiita kwa jina pana la waendesha baiskeli, katika umoja wao wa UWABA, na kudai njia za baiskeli, walilifahamu jambo hili mapema. Hawakuuliza kwanza nani ana gia ngapi.

Kwa hivyo simwambii kijana aache kujiita mtu wa barabara. Namwambia ajiite, ila alibebe jina kwa uzito wake wote. Akilichukua, amechukua na sharti zake tatu. Sharti la kwanza ni kusimama. Akimkuta mwenzake kando ya njia ameinamia tairi lililopata pancha, asimame, iwe ni baiskeli ya mashindano au Phoenix ya miaka thelathini. Pampu haina tabaka. Sharti la pili ni kusema. Barabara inapopanuliwa mtaani kwake, aulize mbele ya watu: baiskeli itapita wapi? Aulizie ya muuza mkate, si yake peke yake, kwani yeye ana siku za kubaki nyumbani na muuza mkate hana. Sharti la tatu ni kuwa mpole kwa aliye dhaifu kuliko yeye. Mwenye baiskeli anayewapita watoto wa chuoni kama mshale, akawarushia vumbi na matusi, amekuwa gari dogo. Hawezi kulilalamikia lori.

Asiyeziweza sharti hizo na aendelee kufurahia mbio zake, hapana atakayemzuia. Lakini jina aliache lilipo. Lilikuwapo kabla yake, juu ya keria zilizopinda kwa mizigo, katika miguu iliyopasuka visigino, njia yote ya Chwaka na njia yote ya Wete. Wenye jina hilo hawakulitangaza, kwa sababu walikuwa na haraka ya kufika sokoni kabla samaki hawajaharibika. Kutolitangaza kwao si ruhusa ya sisi kuwanyang'anya. Barabara ni yao, na wao ndio barábara.